Dondoo Muhimu: Kwa Mama Aliyevuka Arobaini, Milimani Usambara

Ewe mama uteremkaye alfajiri na tenga la kabichi kutoka vitongoji vya juu vya Mlalo hadi gulioni, afya ndiyo rasilimali yako ya awali. Basi kukoma kwa hedhi, ambako huwafikia walio wengi baina ya miaka 45 na 55, kusikutie hofu, bali kukukumbushe kwamba mifupa yahitaji dagaa, maziwa na mboga za majani, na kwamba shinikizo la damu likipimwa likaonekana 140 kwa 90 au zaidi, tena si mara moja, ni wajibu kumwona tabibu.

Katika biashara, kataa lumbesa. Gunia lililoongezewa kilemba cha kamba juu ya mdomo wake hununuliwa kwa thamani ya gunia moja, ilhali jasho lililomo ni la gunia na ziada, na sheria ya vipimo imelipiga marufuku. Dai mizani, nawe usifiche viazi vibovu chini ya vizuri, maana dhuluma ni dhuluma hata ikitoka kwa mnyonge.

Akiba iwe ya kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, iandikwe daftarini mbele ya wanachama wote.

Ama shamba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Kwa hiyo nenda ofisi ya kijiji ukaulizie hati ya hakimiliki ya kimila, na jina lako liandikwe ungali hai na mwenye nguvu.