VALVU YA KILANGO: MAJI YAENDE, YASIRUDI

Mashine ya maji ikizimwa, maji yaliyobaki ndani ya bomba hutaka kwenda wapi? Hutaka kurudi kisimani. Tuseme bomba la inchi 2, lenye urefu wa mita 60, linapanda kilima. Ndani yake mna karibu lita 120. Maji hayo yakiporomoka yanaweza kuizungusha pampu kinyumenyume na kuiharibu. Na kama bomba linaingilia tangi kwa chini, tangi nalo litakauka usiku. Asubuhi akina mama watashika tena njia ya mtoni.

Kwa sababu hiyo mafundi hufunga valvu ya kuzuia maji kurudi. Iliyo ya kawaida ni ya kilango. Ndani yake mna kisahani kinachoning'inia kwenye bawaba, kama mlango. Pampu ikisukuma, maji hukifungua. Pampu ikisimama, kisahani huanguka kwa uzito wake, na maji yanayorudi hukibana. Kumbe maji yenyewe ndiyo bawabu! Tangi likiwa mita 30 juu, kisahani cha inchi 2 hubanwa kwa uzito wa karibu kilo 60. Ni kama mtu mzima kasimama juu yake.

Lakini kisahani kikichelewa kufunga, maji hupata mbio, halafu hukipiga: puu! Kishindo hicho hulegeza viungo vya bomba, hata kupasua. Hivyo ziko valvu zenye mkono kwa nje, wenye uzito au springi, ili kufunga upesi. Nyingine ina vipande viwili, kama mlango wa mbao mbili, na springi katikati. Hiyo ni fupi na nyepesi, yafaa bomba kubwa. Iko pia ya ulimi wa mpira, kwa maji machafu.

Wakati wa kufunga, tazama mshale ubavuni: uelekee yanakokwenda maji. Bomba likilala, bawaba iwe juu. Likisimama, maji yawe yanapanda. Yakiwa yanashuka, kilango kitaning'inia wazi tu, kazi bure.

Mashine ikizimwa, weka sikio kwenye bomba. Likiendelea kuvuma, valvu inavuja. Funga koki ya upande wa tangi, fungua kifuniko polepole. Mara nyingi utakuta mchanga au kijiti kimekaa chini ya kisahani. Kitoe, safisha, rudisha kifuniko na mpira wake.