KUHAMA NA AHALI KWENDA MJI WA KAZI

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Mola aliyeikunjua ardhi na kuwaamrisha waja wake waende katika pande zake wakatafute riziki, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake waliohama na waliowapokea wenye kuhama. Amma baadu.

Kutafuta halali kwa ajili ya mke na watoto ni wajibu kwa mwenye kuweza, na tangu zamani watu wa pwani wametoka katika miji yao kwa sababu hiyo. Wa Pate na Siu wamekwenda Lamu, wa Lamu wamekwenda Mombasa, na reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 wakapanda nayo bara. Leo, tangu garimoshi jipya lianze safari mwaka 2017, mtu huondoka Mombasa asubuhi, na kabla ya alasiri huwa Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 480. Wepesi huu wa njia umezaa kosa. Mtu hukaa katika mji wa kazi miaka mitano, au kumi, naye nafsini mwake yungali safarini: sala huzifupisha, Ijumaa huiacha, mke humwacha kwao, na akiulizwa hujibu kuwa yeye ni mpita njia. Kwa hiyo yapasa kubainisha, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ni lini mtu huwa msafiri na ni lini huwa mkazi, na ni haki gani za ahali zimlazimuzo atokapo na afikapo.

Safari ya kufupishia sala ni mwendo wa marhala mbili, nazo ni maili 48 za Kihashimi, yaani zaidi kidogo ya kilomita 80. Mwenye kuhama, akisha kuyapita majumba ya mji wake, ana ruhusa ya kufupisha na kukusanya sala njiani kama msafiri mwengine. Lakini akiwa amenuia kukaa katika mji aendao siku nne kamili, pasipo kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, basi safari yake hukoma pale pale afikapo. Aliyeandikwa kazi ya mwaka mzima, na aliyekwisha kulipa kodi ya nyumba ya miezi mitatu, hana njia ya kusema kuwa hakunuia kukaa. Anayesalia katika ruhusa ni yule aliyekwenda kungojea haja asiyoijua siku yake, naye kila siku hutaraji kuwa itamalizika aondoke, kama mtu angojeaye jibu la kuandikwa kazi. Huyu hufupisha hata siku 18, kisha hutimiza.

Mpaka huu wa siku haukutungwa bure. Sahaba waliohama Makka kwa ajili ya dini yao walikatazwa kurudi kukaa huko, naye Mtume (S.A.W.) akawaruhusu siku tatu tu baada ya kumaliza ibada zao za Hija. Wanazuoni wakafahamu kuwa siku tatu si ukazi, na kinachozidi ndio ukazi. Na Mtume mwenyewe katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, aliingia Makka mwezi 4 wa Mfunguo Tatu akakaa hata mwezi 8 alipokwenda Mina, naye akifupisha sala siku zote hizo, ilhali Makka ndiko alikozaliwa na jamaa zake wangaliko. Basi aliyehama kwelikweli, akirudi kuwazuru wazee wake siku mbili, yeye ni msafiri ndani ya nyumba aliyozaliwa, na kufupisha kwake humo ni sahihi. Wengi hugeuza jambo hili. Kwao, wanakokaa siku mbili, hutimiza. Na katika mji wa kazi, wanakokaa miezi kumi na mmoja, hufupisha.

Ama Ijumaa, humlazimu kila mkazi, hata asiyeufanya mji ule kuwa maskani yake ya daima, ila huyu hahesabiwi katika wale watu 40 ambao sala ya Ijumaa haisihi pasi na wao. Wa kuhesabiwa ni mwenyeji, asiyeondoka kiangazi wala masika ila kwa haja. Hapa wanazuoni wameuliza: mwenye nyumba mbili katika miji miwili, mji wake ni upi? Wakajibu kuwa ni ule akaao zaidi. Ikiwa muda ni sawasawa, basi ni ule wenye ahali zake na mali yake. Na ikiwa ahali wako huku na mali iko kule, hutazamwa waliko ahali. Na afikiri msomaji jawabu hili, maana halikutolewa katika mlango wa ndoa wala wa malezi, bali katika hesabu ya watu wa msikitini, na hata huko mke na watoto wametangulizwa mbele ya mali.

Kabla ya kuondoka, mwenye kuhama atazame deni lake. Likiwa limefika wakati wake naye ana cha kulipa, ni haramu kuondoka bila idhini ya mwenye kumdai, isipokuwa amemweka wakili wa kulilipa kwa mali iliyopo. Na wazee wanaomtegemea haijuzu kuwaacha pasi na wa kuwaangalia.

Mke hulazimika kumfuata mumewe iwapo njia ni ya amani na mji uendewao ni wa amani. Akikataa bila udhuru masurufu yake huanguka. Na ikiwa katika ndoa yalishartiwa asitolewe kwao, sharti hilo kwa Imamu Shafi halimfungi mume: ndoa ni sahihi, sharti ni batili, na mahari hurejea mahari ya mithili yake. Kwa Imamu Ahmad bin Hanbal sharti ni la kutimizwa, na mke akitolewa kwa nguvu ana hiari ya kuivunja ndoa. Lakini mume wa Kishafi asifurahi mno kwa haki hii, kwani kutimiza ahadi ni jambo lililosisitizwa katika madhehebu zote, na baba aliyemwoza binti yake kwa neno la mtu hakumwoza kwa matini ya vitabu.

Tena haki hii ina mzigo wake. Chakula cha mke hukadiriwa kwa hali ya mume: tajiri hutoa vibaba viwili kila siku, wa kati kimoja na nusu, na maskini kimoja. Lakini nyumba hukadiriwa kwa hali ya mke, iwe ni ya kumfaa mwanamke aliye mfano wake, awe na amani ndani yake juu ya nafsi yake na mali yake. Basi mwenye kumtoa mke katika ua wa wazee wake, wenye kisima na kiwambaza, akamtia katika chumba kimoja ambacho choo chake na mlango wake ni shirika na wanaume wageni, huyo hakutimiza, ijapokuwa kodi ya chumba hicho yala nusu ya mshahara wake. Udhuru wa mke asiyekubali nyumba kama hiyo ni udhuru wa kusikizwa.

Kwa hiyo ni vyema mume atangulie, atengeneze, kisha alete watu wake. Hivi ndivyo alivyofanya Mtume (S.A.W.). Alipofika Madina alishukia kwa Abu Ayyub, akajenga msikiti na vyumba ubavuni mwake, na katika muda huo akawatuma Zaid bin Haritha na Abu Rafii warudi Makka na ngamia wawili na dirhamu 500, wakawachukue Bibi Fatima na Bibi Ummu Kulthum na Bibi Sauda. Miezi ilipita, lakini haikuwa miaka, na masurufu ya njia yalitumwa pamoja na wajumbe. Na mwenye kutaka kujua uchungu wa ahali waliotenganishwa na asome habari za Bibi Ummu Salama: mumewe alihama, jamaa zake wakamzuia asifuatane naye, jamaa za mume wakamnyang'anya mtoto, akawa akitoka kila siku kulia karibu mwaka mzima hata wakamwonea huruma wakamwachilia. Hao walitenganishwa kwa nguvu za watu. Mwenye kujitenganisha kwa hiari yake, eti fedha zibaki nyingi, ana hoja gani?

Na wakifika, wasitazamie kuupenda mji siku ile ile. Muhajirina walipoingia Madina walishikwa na homa, akina Abu Bakari na Bilali na Amir bin Fuhaira, na Bilali akaukumbuka Makka kwa mabonde yake na nyasi zake. Mtume hakuwakemea kwa kutamani kwao, bali aliwaombea Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na aubariki ujazo wao, pishi na kibaba. Mke mgeni aliaye usiku kwa kumkumbuka mama yake hakukosa adabu.

Aliyemwacha mkewe kwao naye anayo hukumu yake. Sayidna Umar, baada ya kumwuliza binti yake Bibi Hafsa muda awezao mwanamke kumstahimilia mumewe, alipanga kuwa askari wasizuiliwe mbali na wake zao kupita muda huo; riwaya moja yasema miezi minne na nyingine sita. Na riwaya aliyoipokea Imamu Shafi ni kuwa Umar aliwaandikia maamiri wa majeshi wawashike wanaume walio mbali na wake zao, ama wapeleke masurufu au waache, na mwenye kuacha apeleke ya siku zilizopita. Ndipo ikawa katika madhehebu kwamba masurufu ya mke hayapotei kwa kupita wakati. Mwezi usiotumwa kitu ni deni, na mwaka ni deni, hata afe lilipwe katika urithi. Na leo udhuru wa kukosa mjumbe umeondoka, kwani katika Kenya tangu mwaka 2007 fedha hutumwa kwa M-Pesa, na zamani aliyekuwa mbali alingojea msimu wa majahazi. Mke aliyeachwa si mke si mtalaka anayo njia ya kumwendea Kadhi, ambaye hukumu yake katika ndoa na talaka na mirathi ya Waislamu imethibitishwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010.

Masurufu ya watoto si kama ya mama yao. Yakipita wakati wake huanguka, yasigeuke deni, isipokuwa Kadhi ameamuru yakopwe. Wako waliodhani kuwa haya ni nafuu kwa baba. Sivyo, deni lina siku ya kulipwa, na njaa ya mtoto iliyokwisha kupita hailipiki. Tena ni wajibu wa wazazi kumwamrisha mtoto sala akiwa wa miaka saba na kumfundisha yanayomlazimu, na ujira wa mwalimu, asipokuwa mtoto na mali yake, ni juu ya baba. Lakini wenye kuhamia miji huuliza kodi, na maji, na nauli ya kwenda kazini, na chuo hukiulizia mtoto alipokwisha kusahau nusu ya juzuu.

Imamu Shafi mwenyewe alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, na alipokuwa wa miaka miwili hivi mama yake, mjane asiye na mali, alimhamishia Makka asije akapotea nasaba yake mbali na jamaa zake. Alipokua akapata kazi ya serikali katika Yaman, na yasimuliwa kuwa mama yule aliweka rehani alichokuwa nacho ili mwanawe apate kwenda. Mwisho alihamia Misri, akazipitia upya kauli zake nyingi, akafia huko mwaka 204.

Imebaki mas-ala moja ambayo huulizwa kila Ramadhani ikikaribia kwisha. Mtu yuko Nairobi, na mkewe na watoto wako Lamu, fitra zao hutolewa wapi? Fitra ya kila mtu hupewa maskini wa mji aliko mtu huyo jua litakapokuchwa siku ya mwisho wa Ramadhani, nayo ni pishi ya chakula kinacholiwa zaidi katika mji huo. Basi yake mwenyewe huitoa Nairobi, na ya ahali zake hupeleka itolewe Lamu, naye ndiye alipaye zote. Wallahu aalam.