Trekta Linapozima Shambani

Wenzangu wasomaji, nanyi wakubwa wetu mliotutangulia katika shule hii, bila shaka mnalikumbuka trekta la kijivu linalokaa nyuma ya karakana. Ni Ferguson TE20, aina iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, na yalitoka zaidi ya 500,000. Letu ni la petroli, lenye silinda nne.

Muhula uliopita liliingiwa na ugonjwa. Lililima vizuri kwa nusu saa, kisha likakohoa mara mbili tatu na kuzima. Ukilipumzisha kidogo, liliwaka kana kwamba halina neno. Nazo mvua za kupandia zilikuwa zimekwisha anza, na mahindi ya posho yetu hutoka katika shamba hilo.

Mimi, niliyejiona fundi, nikafungua kabureta. Sikuona kitu ila uchafu kidogo. Siku ya pili tukasema ni koili, kwa maana koili mbovu hukata moto ikipata joto na kuurudisha ikipoa. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga; ujinga ulikuwa kununua kabla ya kupima. Fedha za shamba zikatoka, koili mpya ikafungwa, na trekta likazima katika mfuo ule ule.

Injini ya petroli yataka vitu vitatu: mgandamizo ndani ya silinda, cheche kwa wakati wake, na petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri. Mgandamizo hupimwa kwa hendeli ya mbele, swichi ikiwa imezimwa na gia zikiwa huru. Zungusha polepole, nawe utasikia mkono ukizuiwa mara nne katika mizunguko miwili. Ukikuta ulegevu mahali pamoja, silinda ile inavuja, kwa vali, ringi za pistoni au gasketi. Moshi nao husema: mweusi ni petroli kuzidi, wa buluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto waweza kuwa maji yanayoingia ndani. Letu halikutoa moshi wa namna yo yote, na mkono ulizuiwa sawasawa mara zote nne.

Nililochelewa kujua ni kwamba ugonjwa wa kuja na kwenda hupimwa ukiwapo. Kulipima trekta lililokwisha poa ni kama kumpima mtu wa homa baada ya homa kushuka. Basi siku ya tatu nilifuatana nalo shambani, plagi ya akiba mfukoni. Lilipozima tu, nikachomoa waya mmoja wa plagi, nikautia kwenye ile ya akiba, nikailaza juu ya chuma cha injini, na mwenzangu akazungusha. (Usifanye hivi palipomwagika petroli.) Cheche ikaruka ya buluu, yenye sauti. Umeme haukuwa na hatia.

Ikabaki petroli. Katika trekta hili haisukumwi na pampu. Hushuka kwa uzito wake kutoka tangi lililo juu ya injini, ikapita kikombe cha kioo cha kuchujia, hata kabureta. Lakini haiwezi kushuka isipokuwa hewa imeingia mahali pake. Nikalegeza mfuniko wa tangi: fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu, na tulipowasha likawaka papo hapo. Kumbe katika kupumzika hewa ilikuwa ikipenya polepole, ndiyo maana likatudanganya kuwa ni joto la koili.

Mfuniko wa asili una kitundu kidogo cha hewa. Wetu ulipotea, na aliyetengeneza mwingine kwa bati na mpira wa baiskeli, akaubana barabara ili mvua isiingie, ni mwandishi wa makala haya. Niliutoboa kwa msumari mwembamba, nikaweka kibati juu yake cha kuzuia maji, tukalima hata jua kuchwa.

Koili ya zamani ingali karakanani, nzima kabisa, imefungwa katika gazeti. Mwenye Ferguson anayeihitaji na aje aichukue.