Maumivu ya mbavu na kifua: uvae sidiria gani?



Somo letu la leo linahusu akina mama na mabinti, lakini akina baba nao walisome, maana mama akiugua nyumba nzima inaugua. Tutaongea juu ya sidiria, ile ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunaiita sutiye. Labda utasema kwamba jambo hili si la kuandika kwenye karatasi ya afya. Soma kwanza.

Katika ziara zangu za nyumba kwa nyumba nilimkuta mama mmoja ambaye alikuwa na malengelenge ubavuni, upande wa kushoto. Alikuwa anaona haya kutoka bila sidiria, kwa hiyo kila siku alivaa ileile yenye waya, na pesa zake alizitunza humo humo. Majirani walimwambia ametupiwa uchawi. Aliponionyesha, ilikuwa siku ya 9. Dawa iliyokuwa imsaidie zaidi huanzwa ndani ya siku 3 za kwanza. Vidonda vilipona, lakini maumivu yalibaki naye kwa miezi mingi. Sitaki wewe upitie hapo.

MAUMIVU YANATOKA WAPI?

Sidiria yenyewe mara nyingi si chanzo cha ugonjwa. Inabana tu mahali ambapo tayari pana shida. Haya ni magonjwa tunayokutana nayo:

1. Mkanda wa jeshi. Huu unaletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga utotoni, kirusi hakitoki mwilini. Kinalala kwenye mishipa ya fahamu miaka mingi. Kinga ya mwili ikipungua, kinaamka na kufuata mshipa mmoja. Ndiyo sababu malengelenge yanapangana kama mkanda, upande mmoja tu wa mwili, mara nyingi pale pale mshipi wa sidiria unapopita. Siku chache kabla ya malengelenge unaweza kusikia moto, kuchomwachomwa au kuwashwa.

2. Kuvimba kwa maungio ya mbavu na mfupa wa katikati ya kifua. Huja baada ya kikohozi kirefu au kubeba mizigo mizito. Ukibonyeza kwa kidole, panauma.

3. Ubavu uliopasuka au kuvunjika, baada ya kuanguka au kupigwa.

4. Titi lililovimba kwa mama anayenyonyesha. Sidiria inayobana inazuia maziwa kutoka vizuri na kuzidisha uvimbe.

5. Magonjwa ya mapafu kama nimonia na kifua kikuu. Hapa maumivu huongezeka ukivuta pumzi au ukikohoa.

UNA MALENGELENGE? NENDA LEO, USINGOJE KESHO

Ukiona malengelenge yamejipanga upande mmoja, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuna dawa inayoitwa asikloviri. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, yaani siku 3. Ukiwa umechelewa, nenda hata hivyo, kwa sababu maumivu nayo yana dawa yake.

Vidonda kwa kawaida hupona katika wiki 2 hadi 4. Kwa watu wengine, hasa wazee, maumivu huendelea miezi 3 na zaidi hata ngozi ikiwa imepona. Mtu huyo hasingizii. Mshipa wa fahamu ndio ulioumizwa, na hata nguo laini inaweza kumchoma kama moto.

Wengine husema mkanda ukizunguka na kukutana mtu anakufa. Si kweli. Mkanda wa jeshi karibu kila mara hukaa upande mmoja. Na usipake majivu, majani wala dawa ya meno. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha taratibu, funika kwa kitambaa safi chepesi.

Muuguzi anaweza kukushauri upime virusi vya UKIMWI. Usikasirike. Mkanda wa jeshi si alama ya UKIMWI, watu wengi wanaupata bila kuwa na virusi hivyo. Lakini kwa kijana ni vizuri kujua, maana anayejua mapema anapata dawa mapema na anaishi.

Jambo lingine: Burundi ilitangaza mlipuko wa mpox mwezi wa Julai 2024, na mpox nayo ina malengelenge. Usijipime mwenyewe kwa macho. Mwache muuguzi aangalie.

JINSI YA KUCHAGUA SIDIRIA

Wakati vidonda bado vina maji, acha sidiria kabisa. Vaa fulana kubwa ya pamba au shimizi laini, kisha blauzi pana, na ujitande kitenge mabegani. Utaenda kuchukua chakula na heshima yako yote. Hakuna atakayejua.

Vidonda vikikauka, au kama maumivu yako ni ya mbavu tu, angalia haya:

- Iwe ya pamba. Nailoni inashika jasho, na jasho linakwaruza.
- Isiwe na waya.
- Mshipi wa chini uwe mpana na laini. Mshipi huu ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito wa matiti, si kanda za mabegani. Ukiwa mwembamba unakata kama kamba.
- Kanda za mabegani ziwe pana.
- Ikiwezekana, vifungo viwe mbele, ili usikunje mikono mgongoni.

Chukua uzi, uzungushe chini ya matiti bila kukaza, kisha vuta pumzi ndefu. Mahali uzi unapofika ukiwa umejaza kifua, ndicho kipimo chako kwa sasa. Ukishavaa sidiria, vidole 2 viingie bila taabu chini ya mshipi. Visipoingia, hiyo si yako, hata ikiwa nzuri namna gani.

Wengi wetu tunanunua mitumba, au caguwa kama wanavyosema Bujumbura. Ukipata safari ya kwenda mjini kwa matibabu, ukapita soko la Ruvumera kule Buyenzi, usikimbilie rangi. Igeuze ndani nje. Pitisha kidole kwenye mshono wote. Kinachokwaruza kidole kitakwaruza kidonda. Ukifika nyumbani ifue kwa maji moto na sabuni, ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha uipige pasi pande zote. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ndani ya ngozi. Pasi inaua mayai hayo.

HUNA PESA YA KUNUNUA NYINGINE?

Tengeneza ile uliyo nayo.

Kwanza, toa waya. Kata tundu dogo mwisho wa mfereji wake, uvute utoke, kisha ushone tundu hilo. Pili, ongeza mshipi: kata kipande chenye kulabu kutoka sidiria kuukuu na ukiunganishe nyuma ya hii. Tatu, shonea kitambaa laini cha pamba ndani ya mshipi, mahali panapouma. Fundi cherehani anaweza pia kufunga nyuma na kuhamishia kulabu mbele. Usione haya kumwomba, hiyo ni kazi yake.

MAMBO YANAYOSAHAULIKA

Pesa, simu na kadi ya chakula: tumezoea kuvificha kwenye sidiria. Ukiwa mgonjwa, vitafutie mfuko mdogo wa kiunoni. Noti imepita mikono mingi, haifai kukaa juu ya kidonda.

Mtoto mgongoni: kitambaa cha kumbebea kinapita kifuani. Mbebe mbele ya nyonga upande usiouma, au mpe dada yake. Kama una mkanda wa jeshi, asiguse malengelenge, kwa sababu anaweza kupata tetekuwanga. Mama mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga naye ajihadhari, mpaka malengelenge yote yawe magamba makavu.

Bidoni la maji: baba, hapa ndipo ninapokuita. Mkeo akiwa na maumivu ya mbavu, wewe nenda bombani. Wanaokucheka leo watakuomba ushauri kesho.

Ubavu uliovunjika: usiukaze kwa kitambaa kuzunguka kifua. Zamani wengi walifanya hivyo. Kukaza kunazuia pumzi ndefu, mapafu hayafunguki, na nimonia inaingia. Vuta pumzi ndefu mara kadhaa kila saa, hata ikiuma kidogo.

Anayenyonyesha: endelea kunyonyesha kwenye titi lililovimba, maana maziwa yakitoka uvimbe unapungua. Ukiwa na homa, nenda kituo cha afya.

Na kuhusu maneno kwamba sidiria inaleta saratani ya titi: hapana, haileti. Lakini ukigusa uvimbe mgumu, ukiona ngozi imekunjamana, au chuchu imeingia ndani au inatoa damu, usitafute sidiria nyingine. Tafuta muuguzi.

NENDA HARAKA UKIONA HAYA

1. Kifua kinabanwa kama kimewekewa jiwe, na jasho, au maumivu yanashuka mkononi au kupanda taya.
2. Pumzi inakatika.
3. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, au cha damu.
4. Malengelenge karibu na jicho au kwenye pua. Jicho linaweza kupofuka.
5. Homa kali, au vidonda vinatoa usaha.

TUJADILIANE

Someni somo hili kwa sauti katika kikundi chenu cha akina mama, hasa kwa wasiojua kusoma. Kisha ulizaneni:

1. Kwa nini malengelenge ya mkanda wa jeshi yanakaa upande mmoja?
2. Una siku ngapi za kuanza dawa?
3. Ni nani katika mtaa wetu anaumwa na anajificha kwa sababu ya haya?

Swali la 3 ndilo kubwa. Ukimjua, mwendee leo, umsindikize. Ukiogopa kwenda peke yako, niite mimi au mhamasishaji mwingine wa afya wa mtaa wako. Tunachoonyeshwa hatukitangazi.

Afya njema kwenu nyote.