SOMO LA WIKI: Rimu za gari kwa rangi ya unga – faida iko chini ya rangi

BIASHARA ya magari yaliyotumika kutoka Japani imezaa biashara nyingine ndogo ndogo katika miji ya Afrika Mashariki. Mojawapo ni kutengeneza upya rimu za alumini. Gari linaloshushwa katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa huwa limekwisha kutembea miaka kadhaa. Injini inaweza kuwa nzima na bodi ikawa inang'aa, lakini rimu mara nyingi zimekwaruzwa na kingo za barabara, zimeshika kutu nyeupe na zimepoteza mng'aro. Mnunuzi huziona hata kabla hajafungua boneti.

Hapo ndipo rangi ya unga inapopata soko. Wanaouza magari, wenye maduka ya matairi na wenye magari binafsi wako tayari kulipia rimu iliyorudishiwa sura yake, kwa kuwa rimu mpya ni ghali zaidi. Kwa mwenye mtaji mdogo, swali la kwanza huwa ni bei ya oveni na bunduki ya kupulizia. Swali hilo ni halali, lakini si la kwanza. Katika kazi hii faida na hasara huamuliwa wakati wa kusafisha rimu na wakati wa kuioka. Anayeanza kwa kununua oveni kabla ya kuyaelewa hayo mawili huwa ameanzia mwisho.

Unga badala ya thina

Rangi ya kawaida ni kimiminika kilichochanganywa na thina, ambayo hupotea hewani rangi inapokauka. Rangi ya unga haina thina. Ni chembe ndogo za plastiki na rangi zilizosagwa zikawa laini kama unga wa ngano. Mbinu ya kwanza, iliyobuniwa na Mjerumani Erwin Gemmer katika miaka ya 1950, ilikuwa kuzamisha chuma cha moto ndani ya unga unaopeperushwa na hewa. Miaka ya 1960 ikaja bunduki ya umeme tuli, ambayo ndiyo inayotumika zaidi leo.

Bunduki hiyo huupa unga chaji ya umeme, kwa kawaida kati ya kilovolti 60 na 100. Rimu huning'inizwa kwenye ndoano iliyounganishwa na waya wa ethi. Unga huvutwa na kunasa juu ya rimu, kisha rimu huingizwa katika oveni. Humo unga huyeyuka, hutandaa na kugeuka kuwa ngozi moja ngumu isiyoyeyuka tena. Unene unaotakiwa ni kama mikroni 60 hadi 80, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita.

Si kila unga unafaa kwa rimu. Unga wa epoksi hushika sana na hustahimili kemikali, lakini ukipigwa na jua huchujuka na kutoa vumbi jeupe kama chaki. Huo ni wa vitu vya ndani ya nyumba. Mchanganyiko wa epoksi na poliesta nao ni wa ndani. Kwa rimu, lango au dirisha, unga unaotakiwa ni wa poliesta ya nje. Mfanyabiashara anayenunua boksi kwa kuangalia rangi tu, bila kusoma aina yake, atarudishiwa kazi baada ya miezi michache ya jua.

Kazi iliyo chini ya rangi

Rimu inapofika karakana, tairi huondolewa, pamoja na valvu, vipande vya kusawazishia gurudumu na, kwa magari ya karibuni, kihisi cha upepo. Baada ya hapo hukaguliwa. Iliyopinda, yenye ufa au iliyowahi kuchomelewa isipokewe kama kazi ya rangi. Rangi huficha ufa lakini haiuzibi, na rimu ikikatika barabarani, aliyeifunika ndiye atakayeulizwa. Kuikataa kazi hiyo kunapoteza malipo ya siku moja, na kuipokea kunaweza kupoteza maisha ya mtu.

Rangi ya zamani huondolewa kwa dawa au kwa kupigwa chembe za garneti, oksidi ya alumini au vidonge vya kioo kwa nguvu ya hewa. Mchanga wa kawaida hauna gharama, lakini vumbi lake la silika huharibu mapafu. Uingereza iliuzuia mchanga wa aina hiyo katika kazi ya kupuliza kwenye karakana zake tangu mwaka 1949. Kuunguza rangi ya zamani kwa moto mkali, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi wa mageti, hakufai kabisa kwa alumini.

Hatua inayofuata ni kuondoa mafuta, kusuuza na kupaka dawa ya kuandaa alumini ili rangi ishike. Dawa hiyo haionekani kazi ikiisha, na kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa na fundi mwenye haraka. Katika miji ya pwani kosa hilo hujitokeza upesi. Chumvi hupenya penye mkwaruzo, na kutu hutambaa chini ya rangi kwa mistari myembamba kama njia za minyoo. Mteja huona rangi ikibanduka na kulaumu unga, ingawa unga hauna kosa.

Aidha, rimu zilizomiminwa huwa na vitundu vidogo vilivyoficha hewa na mafuta. Zikiokwa mara ya kwanza zikiwa na rangi, hewa hiyo hutoka na kuacha mapovu. Dawa yake ni kuzipasha joto zikiwa tupu kwanza, ili hewa itoke kabla unga haujapulizwa.

Joto lina mipaka miwili

Unga mwingi wa poliesta huiva kwa dakika 10 katika nyuzi joto zipatazo 200, ingawa upo unaoiva kwa joto la chini zaidi. Karatasi ya mtengenezaji ndiyo inayopaswa kufuatwa. Ikumbukwe kwamba dakika hizo ni za chuma chenyewe kufika joto hilo, si hewa ya oveni. Kitovu cha rimu ni kinene kuliko mikono yake, hivyo huchelewa kupata moto. Kipimajoto cha ukutani kinaweza kuonyesha 200 wakati kitovu kiko 140. Rimu ikitolewa hapo, rangi itaonekana nzuri lakini itakuwa mbichi, na itabanduka kwa jiwe dogo au kwa dawa ya kuoshea.

Mpaka wa pili ni wa usalama. Rimu nyingi za alumini hutengenezwa kwa aloi iitwayo A356, yenye silikoni asilimia 7 hivi na magnesiamu kidogo. Kiwandani hupashwa joto la karibu nyuzi 540, hupozwa ghafla, kisha huokwa kwa saa kadhaa katika nyuzi zipatazo 150 hadi 170. Nguvu ya rimu hutokana na hatua hizo. Ikirudishwa katika joto kali zaidi kwa muda mrefu, chuma hulainika pole pole bila kubadilika sura. Kadiri joto linavyopita nyuzi 200, na kadiri rimu inavyookwa tena na tena, ndivyo nguvu inavyopungua.

Kwa hiyo fundi anayeongeza moto ili kazi iishe mapema anauza mali asiyoijua ubora wake. Kifaa cha kuzuia hasara hiyo ni waya wa kupimia joto unaogusishwa kwenye kitovu cha rimu. Ni kitu kidogo kwa bei ukilinganisha na oveni, na ni cha lazima. Kipimajoto cha mwanga kisitegemewe kwenye alumini tupu inayong'aa, kwa sababu hutoa namba za uongo.

Penye nati pasipakwe

Unga haupulizwi kila mahali. Uso wa nyuma unaokaa kwenye haba, tundu la katikati na viti vya nati huzibwa kwa vizibo au gundi ya karatasi inayostahimili moto. Tabaka la rangi likikaa chini ya nati, hugandamizwa na kusagika gari linapotembea, na nati hulegea. Baada ya kufungwa, nati zikazwe kwa spana ya kipimo na kukaguliwa tena gari likishatembea kilomita 50 hadi 100. Karakana inayomkumbusha mteja jambo hilo kwa maandishi hujijengea jina.

Hesabu ya oveni

Wengi hudhani kwamba gharama kubwa ni unga. Hesabu inaonyesha vingine. Rimu ya inchi 15 ina eneo la kupakwa la kama mita za mraba 0.6, mbele, nyuma na ndani. Rimu nne ni mita 2.4. Kwa unene wa mikroni 70, kilo moja ya unga hufunika karibu mita 9 iwapo hakuna unaopotea. Seti moja basi huhitaji robo kilo na kidogo. Hata nusu ya unga ikimwagika, ni kama nusu kilo tu. Kununua unga hafifu ili kubana matumizi ni kuokoa senti na kuhatarisha kazi nzima.

Umeme nao una somo lake. Rimu nne za kilo 9 kila moja zinahitaji takriban uniti moja na nusu tu kupanda kutoka nyuzi 30 hadi 200. Lakini oveni ya kilowati 15 ikiwaka mfululizo kwa saa moja hula uniti 15. Zinazobaki hupasha kuta, ndoano na hewa inayotoka mlango ukifunguliwa. Oveni inayobeba seti tatu ikiokea moja inapasha hewa kwa pesa ya mwenye karakana. Wenye uzoefu hukusanya kazi na kuoka siku maalumu, na nafasi inayobaki huijaza kwa vitu vingine kama viti na vyuma vya madirisha vinavyoiva kwa joto lile lile.

Gharama inayoua biashara ni kazi inayorudi. Tuseme, kwa mfano tu wala si bei ya soko, kwamba kodi, mishahara na marejesho ya mkopo ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Seti moja inalipwa 200,000 na gharama zake za moja kwa moja ni 80,000, hivyo inabaki 120,000. Karakana inahitaji seti 25 kwa mwezi ili isile mtaji. Sasa seti moja katika kila nne ikirudi, na kuirudia kukagharimu 120,000 kwa kuwa rangi ya unga ni ngumu kuondoa, kinachobaki kwa wastani hushuka hadi 90,000. Seti zinazohitajika hupanda hadi 34. Bei haijashuka na wateja hawajapungua, lakini karakana iliyokuwa na seti 30 na kupata faida sasa inakula mtaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kazi zilizorudi na sababu zake liwekwe tangu siku ya kwanza.

Vumbi, ethi na unyevu

Unga unaoelea hewani unaweza kulipuka ukikutana na cheche. Chumba cha kupulizia lazima kiwe na feni ya kuvuta na vichujio, ethi iliyopimwa na pasiwe na sigara wala moto wa kuchomelea karibu. Ethi mbovu pia huharibu kazi, kwa sababu unga haushiki. Kwenye pembe za ndani, kati ya mikono ya rimu, unga hugoma kuingia, na dawa yake ni kupunguza umeme wa bunduki badala ya kuuongeza.

Kwa pwani, unyevu ni adui mwingine. Hewa ya kompresa ipite kwenye kichujio cha maji na mafuta, na unga uhifadhiwe mahali pakavu penye ubaridi. Ulioshikamana mabonge hutoka bungukini kwa vipande.

Mtaji uingie kwa hatua

Mwenye mtaji mdogo anashauriwa kuanza kama mkusanyaji. Apokee rimu kutoka maduka ya matairi na yadi za magari, azipeleke kwenye karakana iliyokwisha kuwa na oveni, na abaki na tofauti ya bei. Kwa miezi michache atajua seti ngapi zinapatikana kwa mwezi, rangi zipi zinatakiwa na kazi ngapi zinarudi. Hatua ya pili ni kununua vifaa vya kusafishia na kuandaa, ili ubora ulio chini ya rangi uwe mikononi mwake. Oveni iwe ya mwisho, na inunuliwe tu pale daftari linapoonyesha kwamba seti zinazopatikana zinapita zile za kulipia gharama, hata baada ya kutoa zinazorudi.

Anayefuata mpangilio huo ataingia sokoni akiwa amechelewa kidogo kuliko jirani yake aliyenunua oveni kwa mkopo. Lakini ataingia akiwa na wateja, hesabu na kipimajoto, na mkopo wake, kama atauchukua, utakuta kazi inausubiri.