Dondoo muhimu: Bima ya Vitz na Probox, Kathonzweni

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inataka angalau bima ya mtu wa tatu. Bima kubwa, inayolipia hata gari lako, hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari hilo. Hapo ndipo mwenye gari dogo huumia: Vitz ya Sh400,000 kwa asilimia 4 ni Sh16,000, lakini kampuni nyingi zina kiwango cha chini kinachozidi hapo. Kiulizie kwanza. Ongeza tozo za asilimia 0.45 ya bei ya bima na stempu ya Sh40.

Usibebe abiria wa kulipa hadi mji wa Wote kwa bima ya gari binafsi. Ajali ikitokea, kampuni inaweza kukataa kulipa, na shamba lako likauzwa kufidia majeruhi.

Cheti ni cha kidijitali. Kihakiki kabla ya kuwasha gari.