Shingo na Baiskeli ya Nyumbani: Kijitabu kwa Kaya za Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Kabla jua halijapanda, barabara ya Musoma kutoka Kisesa kupitia Igoma hadi Buzuruga hujaa baiskeli. Kuna madumu ya maziwa, magunia ya mkaa, matenga ya nyanya na mafundi ujenzi wanaowahi kazini. Jioni wengi wao hurudi na shingo iliyokaza na mabega mazito. Mmoja atasema ni uzee, mwingine atasema ni upepo wa ziwa, mwingine atapitia duka la dawa kama alivyofanya wiki iliyopita. Sisi tunaomba kila kaya ianze kwa kuitazama baiskeli yenyewe. Mara nyingi shingo inauma kwa sababu mtu anaendesha baiskeli isiyolingana na mwili wake, na hilo hurekebishwa kwa spana.

Shingo inabeba nini

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na kimekaa juu ya pingili 7 za shingo. Ukikaa wima, mifupa hubeba sehemu kubwa ya uzito huo. Usukani ukiwa mbali au chini mno, mwili huinama mbele, na ili uione barabara unalazimika kuinua kidevu na kukunja shingo kwa nyuma. Misuli ya kisogo na ya juu ya mabega hukaza hapo bila kupumzika mpaka ufike. Halafu kuna makorongo ya barabara za vumbi: mikono ikiwa imenyooka kabisa, kila shimo hupiga moja kwa moja begani. Viwiko vikikunjwa kidogo, mikono hulipunguza pigo kabla halijafika juu. Tairi lililojazwa upepo kupita kiasi nalo huongeza mtetemo.

Wanaoshindana mbio za baiskeli hapa Kanda ya Ziwa huinamisha usukani kwa makusudi ili kukata upepo, na mwili wao umezoezwa kwa hilo. Mtu anayepeleka maziwa mjini hana sababu ya kuwaiga.

Baiskeli moja, watu watatu

Hapa ndipo penye shida kubwa. Katika kaya nyingi baiskeli ni moja: baba huenda nayo kazini, mama huenda nayo gulioni, kijana huenda nayo shule. Ilifungwa dukani siku iliponunuliwa, na siti haijaguswa tangu hapo. Baiskeli kubwa za magurudumu ya inchi 28, kama Phoenix, humfaa mtu mrefu. Mama mfupi akiikalia, hujivuta mbele kuufikia usukani, na shingo yake hulipa.

Anzeni na siti. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukihamishia pedeli chini ya sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hicho ndicho kimo chako. Siti ikiwa juu mno, nyonga huyumba na mwili huteleza mbele. Ikiwa chini mno, magoti huumia. Hakikisha pia haijainamisha pua chini, kwa sababu utakuwa unajizuia kwa mikono njia nzima. Pima maji ya fundi ujenzi inatosha kukuonyesha.

Kisha usukani. Kwa safari za kila siku, uwe sawa na siti au juu yake kidogo. Kaa kama unavyoendesha, halafu legeza vidole. Ukihisi unaangukia mbele, usukani uko mbali au chini: upandishe, au sogeza siti mbele kidogo. Usivute bomba la siti wala la usukani kupita alama yake ya mwisho. Pasipo na alama, acha angalau sentimita 7 zibaki ndani ya fremu. Na jambo hili husahaulika sana: kwenye baiskeli zenye breki za fito za chuma, kupandisha usukani huvuta fito hizo pia. Mwombe fundi azirekebishe, ujaribu breki kabla ya kuingia barabarani.

Mkishapata kimo cha kila mtu, wekeni alama kwenye bomba la siti kwa rangi ya kucha, kila mmoja na rangi yake. Spana ikae pale baiskeli inapolazwa. Kazi ya dakika mbili asubuhi.

Watoto huendesha baiskeli ya baba kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, chini ya bomba la juu. Mgongo na shingo hupinda upande mmoja muda wote, na breki ziko mbali na vidole. Tunajua si kila kaya ina uwezo wa kununua baiskeli ndogo. Hata hivyo, mtoto wa namna hiyo asitumwe mbali, wala asipakiwe dumu la maji.

Mzigo ufungwe chini kwenye keria, pande zote sawa, bila kuning'iniza kitu kwenye usukani.

Shingo ikishauma

Punguza safari kwa siku chache, lakini usilale kitandani kutwa. Kitambaa cha uvuguvugu husaidia. Rudisha kidevu nyuma taratibu ukitazama mbele, shikilia sekunde 5, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Mtu mzima anaweza kumeza panadol, vidonge 2 vya miligramu 500, akipisha saa 6 au zaidi, visizidi 8 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Diklofenaki ya kila siku huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Kinyozi akitaka kukuvunja shingo baada ya kunyoa, mkatalie: kuizungusha kwa ghafla kunaweza kujeruhi mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo.

Nenda kituo cha afya mara moja ukipata ganzi au udhaifu wa mkono, miguu ikikosa nguvu, haja ndogo ikikutoka bila kujijua, shingo ikikakamaa pamoja na homa, au maumivu yakija na kifua kubana. Maumivu ya wiki nyingi yenye kukonda na jasho la usiku yapimwe kifua kikuu, ambacho huweza kushika uti wa mgongo.

Aliyeanguka na baiskeli na analalamika shingo asipakiwe kwenye bodaboda. Alazwe hapo hapo, mtu mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, mpaka upatikane usafiri wa kumbeba akiwa amelala.

Maumivu yakizidi wiki 6 hata baada ya kurekebisha baiskeli, ombeni rufaa ya fiziotherapia katika hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Mweleze mtaalamu unaendesha saa ngapi kwa siku, unabeba mzigo gani, na usukani wako uko juu au chini ya siti.